Pompi ya Pikapu ya Baba

Esansi, ile petroli ya chupa wanayouza kando ya soko la Kasongo, ina harufu ya mdomo wa baba.

Pikapu yetu kuukuu ilizimika njiani tukitoka Wamaza kwenda hospitali ya Kasongo. Pompi ya kuvuta mafuta ilikuwa imekufa, na nyuma, juu ya magunia, mama alikuwa anavuja damu ya uzazi. Mtu wa pikipiki akatuletea pompi iliyotolewa kwenye gari bovu. Baba akaifunga, akavuta esansi kwa mpira mdomoni, akatema, akavuta tena.

Injini ikanguruma. Tukapiga makofi.

“Mama, imewaka!”

Nyanya, mama yake baba, alikuwa amempakata mama kule nyuma. Akamfunika uso kwa kitenge.

“Geuza motokari, mutoto yangu,” akamwambia baba. “Tumurudishe nyumbani.”

Pompi ile haikutusumbua tena.