Mkono wa Kushoto Juu ya Meza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kufukuzwa kabla hata gurudumu halijazoea mkono wangu. Nawaambia hivyo vijana wa hapa Evere wanaonizunguka tukitoka misa na kuniuliza: "Maman, ni kweli ulikuwa krupie?" Ni kweli, wanangu. Krupie ndiye anayeendesha mchezo mezani, nami niliendesha ruleti, ule mchezo wa mpira na gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, kwenye meli ya kasino hadi nikastaafu. Tena niliendesha vizuri.

Kasino ya melini haifunguliwi bandarini. Abiria walikula, wakajipulizia manukato, wakangoja pwani ipotee, ndipo tukafunua meza. Jioni ile wa kwanza kushinda alikuwa mzee wa Kikongo, suti nyeupe, kofia magotini. Nikamsogezea jetoni zake, vile visahani vinavyosimama badala ya pesa, kama mama alivyonifundisha Bukavu: mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unashika kiwiko cha kulia. Mtu mzima hapewi kitu kwa mkono mmoja kama kuku anayetupiwa mahindi.

"Simamisha!"

Alikuwa mkuu wa sakafu, msimamizi wa meza zote, Mbelgiji mdogo kwangu kwa umri. Akalizuia gurudumu kwa kiganja. "Madame, mkono wa kushoto unatafuta nini kwenye kiwiko? Hivyo ndivyo wezi wanavyoficha jetoni."

Masikio yaliniwaka. Kazi ile niliitafuta miaka mingi huku nikisafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Kurudi bila kazi ningevumilia. Kurudi na jina la mwizi, hapana.

Mzee akavaa kofia yake. "Bon, monsieur, huyu maman haiko mwizi. Ananiheshimu, c'est tout. Kwetu muntu muzima hawamupe kitu na mukono moja."

Wakatazama picha za kamera. Hawakuona kitu. Mkuu wa sakafu hakuniomba radhi, ila alisema, "Kamera haijui heshima, Madame. Mkono wa kushoto ubaki juu ya meza."

Ukabaki. Nikajifunza pia kile tulichokiita kuosha mikono: kabla ya kuondoka mezani unapiga kofi moja, unageuza viganja juu, kamera ione ni vitupu. Mwacha mila ni mtumwa, nakubali. Lakini mimi yangu sikuiacha, niliitundika kabatini pamoja na koti, nikaivaa tena nikirudi nyumbani. Wateja walikuja kuulizia meza yangu. Krupie wapya waliletwa wanitazame. Hakuna aliyewahi kunisimamisha tena, na kwa hilo najivuna bila haya.

Nilipostaafu, kampuni ilinialika melini jioni moja, safari hii nicheze mimi. Ajabu kukaa upande ule! Nilipoteza mara tatu nikicheka. Yule mkuu wa sakafu, sasa mkurugenzi wa michezo, mvi kichwani, akamwondoa krupie na kushika meza mwenyewe.

Nikaweka kwenye nyekundu. Mpira ukazunguka, ukaruka, ukalala.

"Dix-huit, rouge. Hongera, Maman."

Miaka yote ile aliniita Madame. Akasogeza jetoni kwa mkono wa kulia. Na chini ya kamera zake zote, wa kushoto ukashika kiwiko.

Nikazipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyesimamisha gurudumu.