Mashati ya Wakili

Ukitaka kumjua mtu, usihangaike na maneno yake. Itazame kola ya shati lake. Dobi alilijua hilo tangu ujana. Miaka ishirini alikuwa amefua nguo za wakubwa na za wadogo bila kumsengenya mtu. Lakini mashati ya wakili yalimshinda. Kola nyeusi kama kitako cha sufuria, makwapa yamekauka chumvi, leso zimekunjwa na makohozi humo humo. Alizishika kwa ncha za vidole, pumzi ameibana.

Na alikuwa akizifua bure.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa na mke mwingine mji wa mbali, na mwaka wa tano huo hakuwa amelala nyumbani. Dobi alishamaliza kumlilia. Alichotaka ni talaka iliyoandikwa na mahakama, kwa ajili ya chumba cha kufulia. Walikinunua wawili, hati ina majina mawili, na shemeji yake alishaanza kuja kukipima kwa hatua akisema, "Cha kaka ni cha ukoo." Chumba kikienda, na riziki imekwenda.

Wakili alipotaja ada yake, Dobi aliinuka aondoke. Wakili akamwonea huruma.

"Mama, mimi na wewe hatushindwani. Wewe nifulie tu. Kesi ikiisha, tumemalizana."

Dobi akamshukuru Mungu, akaona amepata mteremko. Hakuuliza: na isipoisha je?

Kesi ikaahirishwa, hakimu kasafiri. Ikaahirishwa, faili halionekani. Kila akiuliza, jibu ni lile lile: "Mumeo anabisha, mama. King'ang'anizi yule, anakitaka chumba." Na kila Jumatatu mfuko wa nguo ulizidi kunenepa. Yalianza mashati, yakafuata mapazia ya ofisi, zikaja shuka za nyumbani kwake, mwisho hata soksi za wageni wake. Kamba ikajaa za bure, wateja wa kulipa wakatafuta dobi mwingine.

Dada yake mkubwa, mtu asiyemeza neno, alisimama mlangoni siku moja akizitazama zile shuka.

"Hivi mdogo wangu, unaachana na dereva au umeolewa na wakili?"

"Dada, mdomo huo."

"Mdomo wangu umeoga. Nitajie mwanamke anayefua shuka za mwanamume bure na si mkewe."

Dobi alicheka. Alipobaki peke yake, kicheko kikageuka mwiba.

Sasa, Dobi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuloweka alikung'uta kila mfuko, na alichokikuta, sarafu au risiti, alikitia kwenye bahasha yenye jina la mwenyewe. Hakusoma kitu. Mfuko wa mtu, alisema, ni chumba chake cha kulala. Jumatatu iliyofuata, katika koti la wakili, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mchuzi umeshailowesha pembeni. Alikuwa anaitumbukiza kwenye bahasha alipouona mwandiko, herufi zimelalia upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mwandiko wa mumewe.

Akakaa juu ya ndoo. Akasema, Mungu nisamehe, akaisoma.

"Wakili, barua yako nimeipata. Mimi sina ugomvi naye, tuachane kwa amani. Chumba achukue yeye, ndicho kinachomlisha. Nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili."

Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili. Huu ulikuwa wa tisa.

Hakulia. Akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, na harufu haikutoka. Miezi saba mtu anatembea na barua yake kifuani, anakula nayo, anaipangusia mchuzi, na siku ya ibada anakaa safu ya mbele amevaa weupe uliotoka kwenye vidole vya Dobi.

Kesho yake aliipeleka mahakamani. Karani, binti mwenye miwani, aliisoma mara moja tu.

"Mama, nyinyi mmeshakubaliana. Hapa unajaza fomu, unalipa dirishani, mnakuja na mashahidi, hakimu anawasikiliza. Kilicho ghali ni kugombana."

"Na wakili?"

"Ukipenda. Si lazima."

Ada ya dirishani ililingana na kupiga pasi suti tatu. Dobi alilitazama lile dirisha. Mara ngapi amepita mbele yake, akiona haya kuuliza, akidhani ajuaye ni mwenye suti.

Jioni alimpelekea wakili mfuko wake.

"Leo zimekauka upesi, mama."

"Hazijalowa."

Wakili akafungua, harufu ikampanda usoni. Kila shati lilikuwa limekunjwa kwa mkono ule hodari, mikono sawasawa, na uchafu wake wote. Juu yake bahasha.

"Vya mfukoni ni hivyo," alisema Dobi. "Barua haimo. Ilikuwa yangu, iko kwa karani."

"Mama, sheria ina taratibu zake, nilikuwa nakaribia..."

"Usijisumbue, mwanangu. Mume wangu nilishamsamehe. Na wewe nitakusamehe, ila si leo. Leo mikono yangu bado inanuka."

Wiki ya sita muhuri ulipigwa, hati ikabaki na jina moja. Shemeji alipokuja tena na hatua zake, Dobi alimwonyesha hati, kisha akampa ndoo amsaidie kumwaga maji machafu.

Nguo za wakili hakuna ajuaye anazifua nani. Ibadani bado anakaa safu ya mbele, na wanaokaa nyuma yake siku hizi huruka kiti kimoja.