Sindano Katika Samadi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na fyekeo begani, kwa sababu nilidhani nimeitwa kukata nyasi. Bwana Afya, yaani ofisa aliyesimamia usafi wa hospitali, alinitazama toka kichwani hadi kwenye ndara, akaniuliza, "Wewe umewahi kuchoma nini?"

"Matofali, Bwana Afya. Na mkaa kidogo."

"Na nini tena?"

"Na ugali, mara nyingi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo nilivyokabidhiwa kichomea taka cha hospitali moja ya huku milimani Usambara, na fyekeo langu likaenda kufungia mlango wa stoo.

Shule niliiacha mapema. Sikuwa mjinga. Miguu yangu tu ndiyo haikukubali dawati. Nilichuma chai upande wa Bumbuli, nikawa utingo wa lori la mboga kutoka Lushoto, nikafyatua matofali Soni, nikabeba mbao kule karibu na Sigi. Kila kazi niliiacha siku nilipomaliza maswali yangu. Kazi ya taka sikuiacha, kwa sababu maswali yake hayakwisha, na hadi leo, nikiwa nimestaafu, bado ninayo mengine mfukoni.

Vijana mnaosoma hapa huenda mnadhani taka ni taka. Bwana Afya alinifundisha kuwa taka zina ukoo. Za kawaida, kama makaratasi na maganda, zilikuwa na ndoo yao. Zilizoguswa na damu zilikuwa na ndoo yao. Sindano zilikuwa na nyumba yao kabisa: boksi la usalama, kasha gumu la kadibodi lenye mdomo mdogo, ambalo kitu kikishaingia hakitoki. Likifika robo tatu unalifunga. Hulishindilii, hulitikisi, wala hujaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, maana hapo ndipo vidole vingi vilipochomwa.

Kichomea chenyewe kilikuwa tanuri la matofali lenye vyumba viwili. Cha chini huchoma taka, cha juu huchoma moshi. Kwa mtu wa matofali kama mimi lile lilikuwa jambo la kupendeza. Nilikuwa nikikaa nautazama moshi kama wengine wanavyotazama mpira. "Moshi mweusi," Bwana Afya alikuwa akiniambia, "ni taka iliyokataa kufa. Ongeza moto." Majivu, na vipande vya chuma vilivyobaki, tulivimwaga katika shimo la zege lenye mfuniko, asije kuku akachakura.

Nilikaa hospitalini miaka mingi, kisha nikahamishiwa zahanati ya kijiji kimoja cha juu kabisa, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka watu wamekunywa chai ya pili. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mfamasia, mama mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kwaya kweli alikuwa akiiongoza kanisani. Yeye ndiye aliyeanza habari ya kukusanya dawa na sindano majumbani.

"Hospitali tunaichunga," aliniambia. "Lakini siku hizi watu wanajichoma sindano nyumbani. Wenye kisukari, kila siku. Zinakwenda wapi?"

Sikujua. Na mimi nikiambiwa kitu nisichokijua, usingizi hunipaa. Kesho yake nikaanza kuzunguka.

Nilikuta mambo. Dawa katika milima yetu haitupwi, kama vile mbegu haitupwi. Mtu akipona, vidonge vilivyobaki huingia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, vingojee mgonjwa mwingine. Jirani akiumwa kichwa huja kuomba, hupewa viwili vya njano na kimoja cheupe, hushukuru, huondoka. Babu mmoja alinionyesha kopo lake kwa fahari.

"Hizi ni za nini, babu?"

"Hizi? Hizi ni za kuponya."

"Kuponya nini?"

"Sasa mwanangu, kama ningejua si ningekuwa daktari?"

Mfamasia alipenda kuwaambia watu kuwa dawa si chumvi ya kuazimana. Alitaka zirudi kwake, zikiwa kwenye pakiti zao kama zipo, azifungie kabatini na kuzipeleka wilayani zinakoteketezwa kwa utaratibu. Chooni hapana, kijitoni hapana, kwa kuwa maji yetu ya juu ndiyo maji ya kunywa ya watu wa chini. Wala si kwenye moto wa jikoni. Hata kichomea changu hakikuruhusiwa kupokea dawa hovyo. Kopo la kupulizia la mwenye pumu, kwa mfano, hulipuka motoni kama fataki.

Watu walituitikia vizuri sana na hawakuleta chochote. Ndiyo tabia yetu. Tuna adabu.

Kisha Mama Sefu akachomwa.

Hapa inabidi nieleze ulimaji wa kwetu. Mashamba yako kwenye miteremko, na mwanamke mmoja hawezi kuvuna viazi vyake akavipandisha barabarani kabla mvua haijaviozesha. Kwa hiyo wanawake hufanya ujima: leo kwangu, kesho kwako. Takataka za nyumba humwagwa kwenye jaa, chini ya migomba. Zikioza, wanawake huzichanganya na samadi kutoka mazizini, wakazibeba kwa vikapu hadi kwenye matuta. Kila mwenye ng'ombe huchangia samadi kwa asiye na ng'ombe. Hakuna anayejua kikapu kipi kilitoka wapi, na ndiyo heshima yake.

Siku hiyo walikuwa wakipalilia kabichi za Mama Nuru, mjane mwenye kisukari anayejichoma insulini asubuhi na jioni. Mama Sefu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliingiza mkono kwenye udongo akautoa na damu. Sindano. Alifanya jambo la akili: aliosha kwa maji mengi na sabuni, akaja zahanati saa ile ile, na Mfamasia akampeleka hospitali apimwe na kupewa dawa za kinga. Kumbukeni hilo. Ukichomwa, usisubiri siku ya gulio ndipo upite zahanati.

Mama Sefu alikuja kuwa mzima kabisa. Kilichougua ni ujima. Wanawake wote walijua nani anajichoma sindano katika mtaa ule. Hakuna aliyemtukana Mama Nuru. Waliacha tu kwenda shambani kwake. Na shamba lake la pili, lile la viazi, lilikuwa limekwisha kukomaa, na mawingu yalikuwa yameanza kulala kwenye kilele.

Nilikwenda kwake nikamkuta anachimba peke yake, nikamsalimu kwa Kisambaa.

"Onga mshi, Mama Nuru."

"Mshi mwema, Bwana Galoni." Jina hilo nilikwisha kupewa, kwa ajili ya galoni tupu za mafuta ya kupikia nilizokuwa nikigawa ili watu watilie sindano. "Usinipe galoni. Naziacha sindano. Nimekwisha amua."

"Unaziacha vipi?"

"Naacha kujichoma. Nikiwa sina sindano, watarudi. Viazi hivi vikioza, mwakani sina mbegu wala ada ya Nuru. Bora sukari kuliko kulima peke yangu kama mchawi."

Aliyasema hayo huku akichimba, bila kuinua kichwa. Nilimjua mwanamke yule. Akisema kitu hukifanya. Nilishuka ule mlima mbio kuliko nilivyowahi kushuka nikiwa utingo.

Mfamasia alipanda siku ile ile akamshika mikono. Mama Nuru alikubali kuendelea kujichoma sindano mpaka Jumamosi, siku ya ujima, si zaidi. Tulipewa muda huo tu. Bwana Afya naye akapanda kutoka hospitalini, kwa hisani ya zamani, na sote watatu tukakaa tukajiuliza: utasafishaje shamba la viazi, lililotiwa samadi ile ile yenye sindano?

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeing'oa sumaku kubwa kutoka kwenye spika mbovu ya mtu mmoja wa Soni. Jumamosi asubuhi niliifunga kwa kamba kwenye mti mrefu, nikaanza kuiburuta juu ya matuta kama mvuvi. Wanawake walikuja kutazama, lakini walikaa juu ya kingo za shamba, kanga zimefungwa kifuani, hakuna aliyeshika jembe. Mama Sefu alikuwa katikati yao, kidole kimefungwa bandeji kubwa kuliko jeraha.

"Bwana Galoni! Umepata samaki?"

Nilipata misumari. Nilipata kitasa. Nilipata bawaba ya mlango ambayo mwenyewe alikuwa akiitafuta tangu ajenge. Sindano hata moja.

Bwana Afya alinitazama kwa huruma. "Rafiki yangu, chuma cha sindano hakishiki kutu. Cha namna ile sumaku haikipendi sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno."

Wanawake walicheka wakashikana mabega, na kicheko kile, nawaambia kweli, ndicho kilichofungua siku. Mtu akishakucheka hawezi kukununia sawasawa.

Tukaanza upya, kwa njia ya fundi mwashi. Nililetewa chekeche la kuchekechea mchanga. Tulivaa gambuti na glavu nene za ngozi. Tulichota samadi ya juu ya tuta kwa sepetu, tukaimwaga juu ya chekeche, tukatikisa. Kilichobaki juu nilikishika kwa koleo ndefu, kamwe si kwa mkono, na kukitia kwenye galoni. Tuliteremka tuta kwa tuta. Kisha tukaenda kwenye jaa lenyewe, na kwenye lundo la samadi iliyongoja kubebwa.

Sindano ndogo za insulini zilitoka, ndiyo. Nyembamba kama unywele. Mama Nuru aliinamisha uso. Lakini zilitoka pia pakiti za vidonge vya presha, na Mama Nuru hana presha. Ikatoka chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, na mtoto wake yuko kidato cha tatu. Kisha nikainua kwa koleo kitu kinene, chenye kichwa cha chuma, kirefu kama msumari wa bati.

Juu ya kingo wanawake walinyoosha shingo.

"Hiyo ni ya mtu?" aliuliza mmoja.

"Mtu gani achomwe na hiyo?" alisema Bwana Afya. "Hiyo ni ya ng'ombe."

Mama Sefu alisimama. Alikuja polepole, akaitazama ile sindano, akatazama lundo la samadi, akahesabu moyoni nani ana ng'ombe katika ujima ule. Walikuwa wanne, naye ndiye mwenye zizi kubwa. Mumewe humchoma mwenyewe ng'ombe wake akiona kapoteza hamu ya kula.

"Mama Sefu," nilimuuliza, "iliyokuchoma wewe ilikuwa nyembamba au nene?"

Alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, mpaka bandeji ikamdondoka.

"Yaa Rabi! Nimechomwa na ng'ombe wangu mwenyewe!"

Huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda sivyo. Hakuna ajuaye, wala Bwana Afya hakuthubutu kusema. Ila kila mwanamke pale alijua kilichomo nyumbani kwake: pakiti, chupa, bomba la sindano la kuku. Samadi yetu ni moja, na kilichomo ndani yake ni cha wote. Mama Sefu alichukua jembe lililolala kando ya Mama Nuru.

"Dada, viazi viko wapi? Au tungoje mvua ituonyeshe?"

"Mnarudi?"

"Tulikwenda wapi? Tulikuwa tumekaa tu hapo juu, tukimtazama mvuvi."

Viazi vilipanda barabarani kabla ya giza, na mvua ikashuka usiku juu ya shamba tupu. Mama Nuru alijichoma sindano yake ya jioni mbele ya wote, akiwa amekaa juu ya gunia, na Mama Sefu ndiye aliyemshikia galoni.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi. Waliweka sheria yao, si yetu: kabla ya jembe la kwanza la ujima, mwenye shamba hutoa galoni lake, na waliochangia samadi hutoa yao. Asiye na galoni hapikiwi chakula cha ujima. Galoni ni gumu, lina kifuniko cha kukaza, huwekwa mbali na watoto, likifika robo tatu huletwa. Mfamasia alisema watu wa wilayani walikuja kuuliza tumetumia mbinu gani. Aliwajibu, "Njaa."

Miezi michache iliyopita nilistaafu. Bwana Afya alikuja na fyekeo langu la zamani, limefungwa utepe. Kumbe alilitunza miaka yote. Mfamasia aliimba. Nilipewa shuka na saa ya ukutani, na nikaahidiwa kuwa sasa nitapumzika. Miguu yangu ilicheka.

Nimejaribu. Nimefyeka nyasi zangu zote, na za jirani. Nimeifungua ile saa kuona inavyotembea, na sasa haitembei. Nilipokuwa nimekaa na vipande vyake mezani, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Nuru, amepanda mlima wote ule, mzima, anahema, amekumbatia galoni.

"Mama Nuru, mimi nimestaafu. Siku hizi zinapelekwa zahanati moja kwa moja."

"Najua. Umestaafu wewe," akasema, akaliweka galoni mlangoni kwangu taratibu, kifuniko juu. "Mimi sijastaafu."

Nikatafuta gambuti zangu.