Yai Kwenye Begi la Kamera

Habumugisha hakuzaliwa fundi wa mabegi. Nasema mimi niliyekaa naye baraza moja hapa Kimisagara miaka kumi na tisa. Alikuwa fundi wa viti vya pikipiki. Kiti kikichanika, dereva alikileta, naye akakivua ngozi, akabadili sponji, akakishona kwa mkono na sindano nene. Cherehani hakuijua. Aliyemfundisha kukanyaga cherehani ni mimi, tena kwa cherehani yangu mwenyewe niliyokuja nayo kutoka ukimbizini Ngara tuliporudi nyumbani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu hakuna mwingine atakayelitaja.

Kisha zikaja pikipiki za umeme zenye viti vigumu, na kazi yake ikakauka. Siku nzima alikaa akikung'uta vumbi kwenye sponji zisizo na mwenyewe. Nilimhurumia kwa moyo mweupe, nikawa namgawia chai yangu. Kumhurumia mtu aliye chini yako ni kazi rahisi sana.

Asubuhi moja yenye manyunyu, Kirezi, binti wa mtaa wa Niboye anayepiga picha za harusi, alishuka kwenye pikipiki mbele yetu. Akavua kofia ya abiria kwa haraka. Mkanda wa kofia ukanasa mkanda wa kamera, vyote viwili vikapita kichwani kwa pamoja. Kofia aliidaka. Kamera ikaenda kwenye mawe.

"Yoo, Mana yanjye!" alimlilia Mungu wake, akachuchumaa kuokota vioo vya lenzi.

Habumugisha hata hakumpa pole. Alimwomba avae tena ile kofia, aivue polepole, mara nne, huku yeye akiitazama shingo yake. Wiki iliyofuata alikuwa amemshonea begi la sponji ya kiti cha pikipiki, lenye vitanda viwili ndani vya kulaza lenzi, na mkanda unaofungwa ubavuni bila kupitia kichwani kabisa. Kabla ya kumkabidhi, aliweka yai bichi pale lenzi inapolala, akasimama mlangoni pangu, akalitupa begi kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtaroni. Ngazi ishirini na mbili. Likabiringika hadi chini. Alipolifungua, yai lilikuwa zima. Alilichemsha palepale, akampa Kirezi ale.

Hiyo ikawa desturi. Begi halikutoka barazani bila kuangushwa na yai, na mwenye begi hakuondoka bila kulila. Wapiga picha walikuja hadi kutoka Batsinda. Walikuja pia watu wasio na kamera, wakaketi kwenye ngazi wakingoja begi litupwe. Kizuri chajiuza, walisema. Na sketi zangu za shule je, zilikuwa mbaya? Nimevalisha nusu ya watoto wa bonde hili, hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Nilimwonea wivu, sifichi. Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki wa sambaza. Siku moja Kirezi alimpiga picha akiwa ameshika begi, ikasambaa kwenye simu za watu. Nikaitazama vizuri nikijitafuta, maana nilikuwa nimeketi karibu naye kabisa. Nilionekana kiwiko tu.

Halafu Kirezi akaleta habari. Chama chao cha wapiga picha kilitaka mabegi thelathini, na mwenyekiti wao, Eustache, angekuja Jumatano kuona begi likianguka. Habumugisha alinijia akicheka.

"Mama Gwiza, hii kazi ikikubali, mimi nitanunua mashine yangu. Yako nitakuachia, sitakusumbua tena."

Alidhani ananipa habari njema. Mimi nilisikia kwamba hata ile sehemu yangu ndogo katika sifa zake ilikuwa inakwisha. Usiku ule sikulala.

Jumatano adhuhuri alikwenda kununua yai. Begi lilikuwa mezani. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia, nikaingiza mkono hadi chini, nikakata nyuzi saba zilizoshika kitanda cha sponji kwenye sakafu ya begi. Nikalirudisha lilivyokuwa. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Eustache alikuja na shati lake safi, akasimama pembeni asichafuke. Habumugisha akatia yai, akafunga zipu, akatupa. Begi lilipofika mtaroni, ute wa njano ulikuwa unatoka kwenye zipu. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Mzee," Eustache alisema, "mimi siwezi kuweka kamera humo."

"Tumupe siku ingine, tafadhali," Kirezi alisihi. "Mimi yangu imeanguka mara mbili, haikupata kitu."

Eustache akamtazama mzee wa watu aliyesimama na begi linalovuja. "Jumamosi. Mara moja tu, basi."

Watu wakatawanyika. Nilikuwa nimeingoja furaha, na ilikuja, nisiseme uongo. Haikumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Habumugisha aliketi kwenye kigoda akiosha ute kwa kitambaa. Kisha akavaa miwani, akaligeuzageuza begi kwenye mwanga, akapapasa pindo moja baada ya jingine. Nilishona huku nikimtazama kwa jicho la pembeni. Alinyanyuka mara moja tu, kwenda kunywa maji. Nikajiambia: ni mzee, atachoka, atasema ni yai bovu.

Saa kumi alinijia na begi mkononi.

"Mama Gwiza, iko mshono imefunguka humu ndani. Macho yangu imechoka. Unishonee."

Nilishukuru kupata cha kumfanyia. Niliona kama Mungu ananipa nafasi ya kulipunguza jambo lenyewe. Nikalipokea, nikalilaza mapajani, nikapenyeza mkono chini ya kitanda cha sponji, upande wa kushoto, kwenye kona, nikauvuta nje ule mshono uliofumuka ili niuone. Nikanyoosha mkono kuchukua uzi. Ndipo nilipoona kwamba hajaondoka.

Alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Mimi nimeitafuta tangu saa nane," alisema. "Na wewe sikukuonyesha pahali."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa nguo ilikuwa mapajani pangu na mkono ulikuwa wangu. Nilingoja anitukane mbele ya baraza zima. Nilitamani anitukane, kwa sababu matusi ningeyajibu.

Hakunitukana. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Shona ile mshono yako," alisema. "Ile ulinifundisha, ya pande mbili. Jumamosi utaitupa wewe."

Akarudi kwenye kigoda chake, akaketi akinitazama. Nilijaribu kutia uzi sindanoni mara tano ndipo ukaingia.