Sweta ya Mama Kulwa

Mlinzi wa ofisi yetu pale Shinyanga aliwahi kuniambia kwamba kompyuta hunusa mtu, na ikishamzoea haimtii mwingine. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nikaamini mia kwa mia.

Kazi yangu ilikuwa kuunda programu za matawi ya Chato na Kharumwa, yaani kuzigeuza ziwe lugha ya mashine, kabla hazijatumwa kwa njia ya simu. Nilichapa amri moja moja mpaka vidole vikaota sugu, na ofisi nzima ikaniita Profesa. Kisha Mama Kulwa, mwenzangu wa meza ya jirani, akaifundisha programu ya kutuma iziunde yenyewe, kwa kitufe kimoja tu. Bosi akampigia makofi. Wivu ukanishika, siku tatu sikumsalimia. Hata karatasi ya maelekezo aliyoniletea niliiwekea kikombe cha chai juu.

Nikakibonyeza kitufe kama yeye. Mashine ikagoma. Hapo nikakumbuka harufu.

Alipotoka, nikavaa sweta yake ya rangi ya waridi aliyoiacha kitini, iliyoniishia kitovuni, nikaikumbatia mashine inuse vizuri.

"Baba Ngolo! Sweta yangu imekukosea nini?"

Alikuwa mlangoni na bosi. Nikaeleza yote, jasho likinitiririka ndani ya sufu.

Mama Kulwa akacheka hadi akashika ukuta. "Kompyuta hainusi mtu, baba. Sweta ni ya baridi ya kiyoyozi. Unaandika kwanza jina la tawi, ndipo unabonyeza. Iko kwenye ile karatasi chini ya kikombe chako."