Mbio Nilizoshinda kwa Kutembea

Siku ile tulikuwa wasichana watano, na wote nawakumbuka. Mimi Shukri. Barey, binti wa abti yangu, yaani kaka yake mama, amenizidi mwaka mmoja. Ebla na Hawa, pacha wa jirani yetu aliyeuza majani ya chai. Safia, binti wa sheikh aliyetusomesha Kurani. Aliyepuliza firimbi ni Mwalimu Musyoka, mtu wa Machakos, ambaye hakuwa na undugu na yeyote pale, ndiyo maana kila nyumba ilimlisha. Na pembeni, amejifunika shuka mpaka puani, alikuwa ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa ameapa kwamba hatakuja kutazama.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu wa kike. Juzi hapa Garissa alikuwa akinisomea kitabu chake cha shule. Kinasema huko juu kabisa kaskazini ya dunia, kwenye theluji, watoto wa shule hukaa ndani miezi mingi, hawachezi, hawakimbii, mpaka joto lirudi. Akanitazama akingoja nishangae. Nikamwambia kwetu ilikuwa hivyohivyo, ila sisi aliyetufungia ndani ni jua.

Wewe uliyekulia huku unajua jilaal, ule ukame mrefu unaoanza mwisho wa mwaka. Wakati wa jilaal hatukukimbia hata tukiitwa kula. Mbuzi wamekauka maziwa, asubuhi ni chai ya rangi, mchana ni uji wa unga wa njano wa serikali, na mchanga unaunguza nyayo kupitia ndala. Tulicheza kokoto tumekaa kivulini, na kivuli kikisogea tunajiburuta nacho kwa makalio. Halafu Aprili inaleta gu, mvua kubwa, na baada ya siku chache tu ardhi yote ni kijani, ngamia wanakamuliwa mpaka vyombo vinapungua. Hapo tulikimbia kwenda na kukimbia kurudi. Ukitusimamisha utuulize tunakwenda wapi, tunacheka na kuondoka mbio.

Mwalimu Musyoka, mwaka wake wa kwanza, hakujua hili. Aliandika ripoti kwamba mwezi wa pili wanafunzi ni wavivu. Mwezi wa tano akaandika wanafunzi hawatulii. Alitusimulia mwenyewe baadaye, huku akijicheka.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa huku kwetu. Serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya uzio wa miiba, upande wa Balambala. Mtoni tulishuka asubuhi pamoja na askari, na mtu kutoka kwenda mbali alihitaji cheti. Wazee walitufundisha sisi watoto jambo moja kabla hata ya alfabeti: ukisikia gari la askari, usikimbie, kaa chini hapohapo ulipo. Anayekimbia hudhaniwa ana kosa, na risasi haiulizi umri.

Mama yangu alikuwa hospitali ya Garissa, anaumwa kifua. Gari lilimchukua mwanzo wa jilaal, na tangu siku hiyo hatukupata habari kama yu hai au ameshazikwa. Ayeeyo aliomba cheti mara tatu, na mara tatu akaambiwa asubiri. Basi siku moja mwalimu akatangaza kwamba shule zitakutana Garissa kwa michezo, na shule yetu itapeleka mvulana mmoja na msichana mmoja, watakaoshinda mbio, kwa lori, na cheti chao kipo tayari. Baada ya kusikia Garissa sikusikia tena kitu kingine.

Ayeeyo alisema msichana hakimbii mbele za watu. Alilisema mara nyingi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Asubuhi ya mbio akanipa kikombe kidogo cha maziwa ya mbuzi wake pekee ambaye hakuwa amekauka, maziwa aliyokuwa akiyaweka kwenye chai yake mwenyewe.

"Kunywa," akasema. "Na abti yako akiuliza, mimi nilikukataza."

Nikwambie ukweli bila kujisifu: wakati wa gu hakuna msichana aliyeniona mgongo akanifikia. Lakini mbio zilipangwa mwezi wa tatu, jilaal imefika mwisho wake, nami nilikuwa mifupa na macho. Barey alikuwa na mwili. Tulipokuwa tunafunga vitambaa kiunoni akaniambia, "Naa, we Shukri, leo wewe ni kobe. Jihadhari mwalimu asikukanyage."

"Kobe anafika," nikamjibu.

"Anafika mwaka gani?"

Pacha wakacheka. Ilikuwa mizunguko minne ya uwanja, na mwisho mwalimu alikuwa amechora mstari kwa majivu. Mimi nikakosea kosa ambalo mtoto wa mfugaji hapaswi kukosea: nilikimbia kama tuko kwenye gu. Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele peke yangu. Wa pili wakanifikia. Wa tatu mate yamekuwa gundi, mbavu zinachoma, wote wamenipita, nami nikaanza kutembea. Mzunguko wa nne nilikuwa nyuma karibu nusu ya uwanja, nikitembea na kulia kimyakimya, kwa sababu nilikuwa nimeshamkosa mama.

Ndipo Barey akakaa chini.

Alikuwa karibu na majivu, kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Pacha wakakaa. Safia akakaa. Wavulana waliokuwa wanatazama wakakaa, na ayeeyo naye akakaa. Gari la askari lilikuwa linaingia langoni, askari wamesimama nyuma na bunduki. Waliobaki wima ni mwalimu, firimbi ikiwa mdomoni, na mimi.

Nilijua natakiwa nikae. Lakini mimi sikuwa nakimbia, nilikuwa natembea, na wazee hawakuwahi kutuambia anayetembea afanye nini. Nikafungua viganja vyangu vionekane, nikaendelea mwendo uleule. Nikampita Safia, nikawapita pacha. Nilipompita Barey hakuinua uso. Akasema chini chini, "Tembea, kobe. Usikimbie."

Nikakanyaga majivu.

Gari likasimama. Askari mmoja akamuuliza mwalimu, "Hawa wanafanya nini?"

"Ni mbio, bwana."

"Mbio za kukaa?"

Walicheka mpaka gari likaondoka. Hawa, yule pacha, akalalamika kwamba mimi nilitembea. Mwalimu akamwambia, "Ametembea na amefika. Ninyi mmekaa." Akaandika jina langu.

Garissa nilikuwa wa mwisho, na sikujali. Mwalimu alinipeleka hospitali kabla ya michezo. Mama alikuwa amekaa barazani anaota jua. Akanishika mguu kwanza, akapapasa nyama ya nyuma ya goti, akasema, "Jilaal mbaya mwaka huu." Halafu akauliza nani amenileta. Nikamwambia nimekuja kwa mbio. Alicheka mpaka akakohoa. Alirudi nyumbani kabla mwaka kuisha, na aliishi akambeba mtoto wangu wa tatu.

Uzio ule haupo tena, na pale tulipokimbia pamelimwa vitunguu. Wajukuu wangu hucheza mpira mwezi wowote, maji yapo kwenye chupa, na ukitazama miguu yao huwezi kujua kama mvua imenyesha au la. Sisi miguu yetu ilikuwa kalenda. Hilo limekwisha, na uzio uliokwisha nalo siulilii.

Mwaka jana nilikwenda Balambala kwa Barey. Tukanywa chai, nikamtania tena kwamba aliogopa gari. Akaniambia, "Gari lilikuwa bado mbali. Mimi ndiye niliyekaa kwanza, wengine wakaniiga. Unadhani nilitaka kupanda lori kuliko wewe ulivyomtaka mama yako?"

Nikamwambia amezeeka, anatunga. Akaniongezea sukari.

Majina yote ninayo, hata la yule mbuzi wa ayeeyo. Jambo hili moja silipati. Ebla amefariki, Safia sijui aliko, Hawa nasikia yuko Wajir. Hawa, au yeyote uliyekuwa umekaa mchangani siku ile, kama nimekosea nisahihishe, na kama unajua uniambie: gari lilisikika kwanza, au Barey alikaa kwanza?