Nilidhani ni matanga, kumbe ni maandamano

Kijana aliyetuletea kisa hiki ametuomba tumfiche, nasi tumemficha yeye na wenzake. Mwenye neno la kumsaidia alilete kwenye ukurasa huu.

Wasomaji, mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa upande wa Musoma, Tanganyika, ambayo siku hizi tunaambiwa tuiite Tanzania. Shule niliishia darasa la tano, na msinicheke, kwa maana wako wa darasa la nane hapa Homa Bay ambao baiskeli zao huniletea mimi nizitengeneze. Hakuna gurudumu lililopinda likanishinda. Kijaluo nakisema mpaka wenyewe huniuliza kama kwetu ni Karachuonyo. Kwa sura pia Mungu hakuninyima, ila leo hilo halinisaidii.

Nimepanga kwa mama mmoja mjane, Msabato, muuza samaki. Tumwite Mama Okoth. Okoth ndiye mwanawe wa pekee, rika langu, na tunalala chumba kimoja. Mama huyu hajawahi kuniita mpangaji. Huniita wuoda, yaani mwanangu, na akipika hapakui mpaka sote wawili tumeketi.

Siasa ilipochafuka hapa mjini, baada ya kiongozi mmoja wanayempenda sana kuwekwa ndani, Mama Okoth alinikalisha chini. Aliniambia mimi ni mgeni, na mgeni hana ndugu kwa polisi wala hana ndugu kwenye fujo. Nikiona watu wamekusanyika nigeuze njia, hata ikiwa baiskeli ya mteja itabaki pale pale barabarani. Nikamjibu kwamba mji huu naujua kuliko paka wa sokoni. Hakucheka.

Jumamosi moja mama na Okoth wakaenda kusali, nami nikawa nazurura karibu na soko. Nikasikia pembe. Wakatokea wanaume wengi wanakimbia, matawi mabichi mikononi, filimbi zinalia, mmoja ana ngao ya ngozi. Wanaimba wakimtaja mtu kwa jina la sifa nisilolijua, na wengine machozi yanawatoka. Ninyi msioishi na Wajaluo hamjui: mzee wao akifa, wanaume hutoka hivyo hivyo, na ng'ombe mbele, kwenda kukifukuza kifo. Wanaita tero buru. Nimekwenda nyingi, na mwisho wake huwa ni nyama. Nikajiambia huyu marehemu alikuwa mtu mkubwa, hapa pataliwa. Nilishangaa kidogo mbona ng'ombe siwaoni, nikadhani wako nyuma.

Basi nikavunja tawi langu nikaingia. Na mimi nikiingia jambo siingii mkiani. Nikafika mbele kabisa, namlilia marehemu kwa Kijaluo safi, namsifu kwa ng'ombe wake na wake zake, mtu ambaye simjui hata kwa picha. Watu wakanishangilia wakiniita jatelo, kiongozi. Wacha nichanganyikiwe na raha! Nikazidi kulia.

Ghafla mkono ukanishika kola. Alikuwa Okoth, na shati lake jeupe la kanisani. Alikuwa ameniona kutoka mlangoni mwa kanisa akaiacha ibada.

"Omera, ndugu yangu, unamlilia nani?"

Nikamwambia namlilia marehemu.

"Hapa hakuna aliyekufa. Bado. Tazama mbele."

Nikatazama. Lango la ofisi ya DC, na askari wamejipanga na rungu na ngao; kumbe anayeimbwa ni yule kiongozi aliyewekwa ndani. Okoth akanisukuma nyuma yake kwa nguvu, nikaanguka, na nilipoinuka rungu zilikuwa zimeshaanza. Nilikimbia, wasomaji. Mimi niliyekuwa mbele nilifika nyumbani kabla ya wote. Okoth walimkamata pale pale, kwa sababu shati jeupe linaonekana, na kwa sababu alisimama mahali pangu.

Sasa polisi wanasema ndiye aliyeongoza. Yuko ndani mpaka leo. Mama yake humpelekea chakula kila asubuhi, na askari humwuliza yule mwingine aliyekuwa na tawi ni nani. Husema hamjui. Mama ambaye hata mizani ya samaki hadanganyi.

Wale walioniita jatelo wakiniona siku hizi wanavuka barabara. Baiskeli haziji. Sina wa kusema naye Kijita changu, na Kijaluo nilichojisifia sina wa kukisema naye pia. Nakaa chumbani nasikiliza watu wakipita na salamu zao, wala hakuna salamu inayosimama mlangoni. Baba yangu mdogo ameagiza kwa wachuuzi wa Muhuru Bay, kule ziwani mpakani, kwamba kuna mtumbwi wa kunirudisha kwetu, niende upesi.

Nilimwambia Mama Okoth nitakwenda kituoni nikaseme ukweli. Alikuwa anapaa samaki, hakuinua kichwa. Akasema, "Ukienda na wewe, nitabaki na vitanda viwili vitupu." Na ukweli wenyewe, nani atauamini? Niwaambie nilidhani ni matanga? Watacheka, kisha watafunga mlango tukiwa ndani wote wawili. Lakini nikipanda mtumbwi, Okoth atabaki kuwa kiongozi wa maandamano aliyokuja kunitoa.

Juzijuzi askari mmoja anayesali nao kanisani alimletea mama salamu za mwanawe. Okoth hakuomba nguo wala hakuomba wakili. Aliuliza neno moja tu: "Yule mjinga alifika nyumbani?"

Tangu siku hiyo, mama akishafunga chakula cha mwanawe asubuhi husimama kidogo mlangoni akinitazama, anangoja nimpe jibu la kupeleka. Mimi mwenye maneno mengi huinama. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini: nimtume mama aseme nilifika, au niende nimwambie mwenyewe?